Waliopitiwa na saismiki kijijini kwenu, mashimo yalizibwaje? Niliyoyaona nikiwa kibarua wa dril

Kokoto Mbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Wiki iliyopita kulikuwa na uzi humu watu wanabishana kama utafiti wa mafuta na gesi kwa mitetemo, hii saismiki, unapasua nyumba na kufukuza mvua. Mvua tuiache aisee. Ila nimesoma kurasa zote, wote mnaongelea mlipuko tu, mlipuko mlipuko, hakuna hata mmoja kagusia shimo. Mi nimeshika rodi miezi minne kwenye timu ya dril ya saismiki mikoa ya kusini. Kampuni sitaji, kijiji sitaji, kuna wenzangu bado wanadai hela yao huko sitaki kuwaharibia.

Kwa asiyejua, umeshaona muuza tikiti anavyoligonga kwa kidole anasikiliza? Ndo hiyo. Unaigonga ardhi, sauti inashuka inakutana na tabaka za miamba inarudi juu, na huku juu kuna maelfu ya jiofoni, vidude vyenye msumari vimechomekwa mstari mmoja, vinasikiliza. Nchi kavu njia kubwa za kugonga ni mbili. Kuna malori ya tani 25 mpaka 30 yanayoshusha sahani ya chuma chini ya tumbo na kuitetemesha, au unachimba shimo jembamba unashusha baruti. Lori linataka sehemu pakavu na nafasi. Sisi tulikuwa kwenye mabonde, miombo na mikorosho ya watu kwa hiyo ilikuwa shimo na baruti kila siku.

Shimo lenyewe jembamba, kama sentimita 10, bakuli la uji linalifunika. Kina mita 10, 15, kwingine 20 na zaidi. Sasa kwa nini uhangaike kushuka huko kote wakati baruti ingelipuka hata juu? Kwa sababu udongo wa juu umelegea, ukilipulia pale ni sawa na kupiga ngumi godoro, nguvu yote inaliwa. Unatakiwa upite ule ulegevu ufike kwenye udongo ulioshikana, na mzuri kuliko wote ni ule uliolowa, mfinyanzi wenye maji, unapitisha mtikisiko vizuri mno. Supavaiza wetu alikuwa anauliza kwenye redio, "umegusa maji?" Ukimjibu nimegusa, anafurahi. Hapo nataka mtulie mnielewe, maana ndo sababu ya huu uzi. Drila wa saismiki na mama anayechimba kisima wanatafuta tabaka moja. Yeye anatafuta anywe, sisi tunatafuta pa kulaza baruti.

Njia za kuchimba ziko kadhaa na kila moja ina uchafu wake.

Kuna dril ya hewa. Kompresa inapuliza hewa kupitia rodi, udongo unaruka juu. Vumbi lake ukivaa barakoa ya hospitali umejidanganya, jioni unatema tope. Kwenye mwamba unafunga hamaa, yaani nyundo ya kupasulia mwamba, chini, na ile hamaa lazima ilainishwe na oili, oili inasafiri na hewa inashuka hadi shimoni. Kidogo kidogo ndio, lakini inashuka, na tumeshasema chini kuna nini.

Kuna kekee ndefu ya kuzungusha, kama parafujo, udongo unapanda wenyewe. Hii ndo safi kuliko zote, haitaki maji haitaki hewa, ila ikikutana na jiwe imekwisha, na kwenye mchanga uliolowa shimo linajifunga ukitoa tu.

Halafu kuna dril ya maji. Kwenye mchanga huna ujanja, unasukuma maji na bentonaiti ili kuta zisibomoke. Bentonaiti ni udongo tu wa mfinyanzi unaovimba, kwenyewe sio sumu. Shida ni maji yanatoka wapi. Sisi bauza, lori la tenki la maji, ilikuwa inajaza kwenye lambo ambalo ng'ombe wa kijiji kizima wanakunywa, mwezi wa tisa, mwezi wa tisa jamani kule unajua ulivyo. Kuna shimo moja kwenye mchanga lilikunywa tenki la lita 1,000 likaisha, tukaleta la pili likaisha, maji hayarudi juu hata tone, yaani yalikuwa yanapotelea kwenye tabaka fulani huko chini. Mzee mmoja mfugaji alisimama na fimbo yake kwapani akaangalia mpaka tenki la pili likaisha, hakusema neno, akaswaga ng'ombe wake akaondoka. Nilitamani angetukana.

Sasa kuziba. Utaratibu tulioelekezwa siku ya kwanza na mtu wa sefti, yaani wa usalama kazini, ni mzuri kabisa: ukishashusha baruti na fataki yake ya kuilipua, unashindilia udongo ule ule uliotoka, kidogo kidogo, unagonga na fito, halafu karibu na juu unaweka vipande vya bentonaiti, vinakuja vikavu kama kokoto, unamwagia maji vinavimba vinakuwa kizibo, kisha udongo juu.

Kilichofanyika: tulikuwa tunalipwa bonasi kwa idadi ya mashimo. Timu ikifikisha 30 kwa siku kuna kitu, isipofikisha hamna. Kwa hiyo mtu anasukumia udongo wote kwa koleo mara moja. Udongo ukimwagwa kwa pupa kwenye shimo jembamba unakwama njiani, mita tatu nne, unatengeneza daraja, juu panaonekana pamejaa kumbe chini yake uwazi mtupu. Bentonaiti ile ya kokoto ilikuwa inaisha kabla ya wiki kuisha. Nimeona shimo limezibwa na kifuko cha mkate kimejazwa majani, kikasukumwa kwa mguu, udongo juu, picha ikapigwa, shimo limefungwa. Na mimi nimeziba hivyo, siwezi kujificha nyuma ya wenzangu. Yangu kama kumi hivi.

Mvua ya kwanza ikinyesha linashuka. Sasa una bomba la mita 15 limesimama wima kutoka shambani mpaka kwenye maji. Mbolea, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya salfa ya mikorosho, vyote vina njia ya mkato. Zamani vilikuwa vinachujwa na udongo taratibu. Na kule karibu na pwani kuna tabaka za maji chumvi na maji baridi zimepishana, ukizitoboa zote kwa shimo moja usizibe umezikutanisha.

Hesabu ndogo tu. Ukiweka shimo kila mita 50, kilomita moja ina mashimo 20. Laini, yaani ile mistari iliyonyooka tunayopanga mashimo, zikiwa kilomita 100 kwa jumla ni mashimo 2,000. Shimo moja la sentimita 10 kwa mita 15 linatoa udongo kama lita 118. Zidisha, unapata karibu meta za ujazo 236, tipa za kawaida zaidi ya 30, na huo umesambazwa vichuguu vichuguu kwenye mashamba.

Nataka kusikia kwa waliopitiwa. Mashimo yenu yalizibwa?

Mtoto wa Kariakoo

Natia nanga hapa. Ila mkuu kwa siku ulikuwa unavuta shingapi?

Kokoto Mbichi

Hela ya kula na kutuma nyumbani kidogo. Ndo maana hiyo bonasi ilikuwa tamu.

Mjusi wa Mawe

Mleta mada umeandika vizuri lakini umechanganya mambo, wacha nikuweke sawa, mi ndo kazi yangu upande wa data.

Kwanza shimo la sentimita 10 sio kisima cha gesi. Watu wakisikia "uchimbaji wa mafuta" wanaona rigi la ghorofa kumi, hapa ni rigi unaloweza kulivuta na trekta, mengine yanabebwa na watu wanne begani vipande vipande. Pili baruti yenyewe ni kilo moja, mbili, mara chache zaidi, inalipuka mita 15 chini. Nyumba iliyo mbali inavyostahili haipasuki kwa hiyo. Nyumba nyingi za udongo kwenye mbuga nyeusi zinapasuka kila kiangazi zenyewe, udongo ule unasinyaa. Tatu, unachokielezea ni usimamizi mbovu, njia yenyewe haina kosa. Lipa watu kwa shimo lililozibwa, usiwalipe kwa shimo lililochimbwa, tatizo limeisha.

Halafu mnaipenda sana lori la kutetemesha kama vile ni malaika. Tani 30 zikipita mara tano sita kwenye shamba lililolowa ule udongo unashindiliwa kama barabara, mizizi haiingii. Afadhali shimo.

Kokoto Mbichi

Mjusi nakubaliana na wewe kwenye malipo kabisa. Kwenye nyumba pia, tuliona ufa una buibui na vumbi la miaka mitano na mwenye nyumba anadai fidia. Lakini hili la "usimamizi mbovu" nakataa kidogo. Mtu wa sefti tulikuwa naye mmoja, timu za dril saba, zimetawanyika kilomita na kilomita porini. Njia inayozaa mashimo 2,000 ambayo kila moja linafichwa na koleo mbili za udongo, nani atasimamia? Lori likiharibu unaona alama. Shimo likizibwa vibaya huoni kitu mpaka mvua.

Na umeruka baruti zisizolipuka.

Mjusi wa Mawe

Sijaruka, ulikuwa hujauliza. Zipo. Waya unakatika, fataki inakataa, maji yanaingia. Inatakiwa iandikwe namba ya shimo, wajaribu tena, ikishindikana kuna utaratibu wa kuiharibu. Siku hizi baruti nyingi za kazi hii ni pentolaiti, PETN na TNT, haiyeyuki kirahisi kwenye maji na inaweza kukaa muda mrefu. Zile za aina ya amoniamu naitreti ndo zinayeyuka, na naitreti kwenye maji ya kunywa sio kitu kizuri hasa kwa vichanga. Hapo nakupa pointi.

Ngamia Moja

Hamjambo ndugu zetu wa TZ. Huku kwetu Turkana, Kenya, mafuta yalitangazwa Machi 2012 pale Ngamia 1, lakini kabla ya hapo na baada ya hapo wamekuja watu wa saismiki wakaenda wakarudi. Mimi si mtu wa mashimo, ningependa kuongea kuhusu laini. Ili rigi ya drili ifike kwa shimo lazima laini ifunguliwe. Huku hakuna msitu wa kukata, ni vichaka na mchanga, kwa hivyo watu wanasema hakuna hasara. Sasa ngoja mvua. Ile njia ya magurudumu imenyooka kama rula kutoka mlimani mpaka kwa laga, ule mto mkavu wa mchanga, maji yanapata barabara, mwaka wa kwanza ni mfereji, mwaka wa tatu ni korongo mbuzi anaanguka. Na ikishakuwa barabara kila mtu anaitumia, malori ya makaa, pikipiki, hata wezi wa mifugo. Kampuni imeshafunga hema kitambo.

Mjusi wa Mawe

Ngamia hapo umegonga penyewe. Dunia nzima laini ndo inayoacha kovu kubwa. Alberta kule Canada laini za zamani zilikuwa zinafunguliwa kwa buldoza, upana wa mita 5 mpaka 10, kuna zilizokatwa miaka ya sitini na sabini mpaka leo msitu haujarudi. Mbwa mwitu wa kule wanazitumia kama njia kuu, wanatembea haraka, wanawafikia kirahisi karibou (caribou), wale paa wakubwa wa nchi za baridi ambao walikuwa wanajificha kwenye mabwawa. Sasa hivi wanakata laini nyembamba zinazopinda ili mnyama asione mbali. Alaska majira ya baridi ya 1984 na 1985 walipita na karibu kilomita 2,000 za laini kwenye hifadhi ya Arctic, ardhi imeganda, theluji juu, na bado miaka zaidi ya 20 baadaye kuna sehemu njia zilikuwa zinaonekana.

Afrika kesi ninayoipenda ni Loango, Gabon. Mwaka 2006 kampuni ilikuwa inafanya saismiki ya baruti ndani ya hifadhi ya taifa, kelele zikapigwa, serikali ikasimamisha, baadaye kazi ikarudi kwa masharti makali. Watafiti wakatega vinasa sauti msituni kusikiliza tembo. Kila mtu alitegemea tembo wamekimbia. Hawakukimbia! Walibadilisha ratiba wakawa wanatembea zaidi usiku. Ukihesabu mizoga hupati kitu, unasema athari hamna, kumbe mnyama anaishi maisha mengine kabisa.

Bint Kilwa

Na sisi wa baharini je? Baba yangu mvuvi, anasema meli za utafiti zikipita wiki hiyo nyavu zinarudi tupu. Huko mnatoboa pia?

Mjusi wa Mawe

Hapana dada, baharini hawatoboi. Meli inavuta mitungi inayoachia hewa ya mgandamizo kwa ghafla, bunduki za hewa, kila sekunde kadhaa usiku na mchana. Zamani walikuwa wanatumia baruti ndani ya maji, bunduki za hewa zikachukua nafasi kuanzia miaka ya sitini. Samaki wengine wanashuka chini au wanasogea pembeni kwa muda, kwa hiyo baba hasemi uongo. Pembeni kwenye mikoko ndo wanakotoboa, maana meli haifiki na lori linazama.

Kokoto Mbichi

Mikoko nilifanya wiki mbili. Unasimama kwenye tope la magotini, bomba linasukumwa kwa mkono na pampu ya maji. Shimo unapata haraka kweli, ila ukitoka hapo njia ya mlipopita watu ishirini kila siku imekuwa supu, mizizi ile ya kupumulia imevunjwa yote. Na mafuta ya pampu yakimwagika bamvua likija linayabeba hadi kwa wanaookota chaza.

Mpwa wa Nachingwea

Shikamooni wakubwa. Mimi nipo kijijini, wamekuja wiki jana wamechomeka vigingi vyenye utepe mwekundu, kimoja kipo karibu na kisima cha pampu cha shule. Mkutano wa kijiji ni Jumamosi. Niulize nini nisionekane mpinga maendeleo?

Kokoto Mbichi

Marahaba mdogo wangu. Usiulize kama kuna madhara, watakuletea mtaalamu atasema hakuna na watu watapiga makofi. Uliza vitu vya kushikika. Waambie walete cheti cha mazingira cha NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, na masharti yake yasomwe pale mkutanoni kwa Kiswahili, maana masharti ndo yana umbali kutoka visima na namna ya kuziba. Uliza wanachimba kwa hewa au kwa maji, na kama ni maji wanachota wapi na kibali cha maji cha ofisi ya bonde wanacho? Kwenu huko ni Bonde la Maji la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi ipo Mtwara. Waambie maji ya kisima cha shule yapimwe kabla, karatasi moja ibaki kwa mwenyekiti, maana baada ya tukio bila kipimo cha mwanzo huna kesi. Kila nyumba iliyo karibu na laini ipigwe picha kuta zote na mwenye nyumba abaki na yake. Na orodha ya mashimo, namba, kina, lililipuka lini, lilizibwa na nini, nakala kijijini. Hiyo orodha wanayo, wanaiandika kila jioni, ila hawaitoi kama haijaombwa. Na kijana mmoja wa kijiji awe anatembea na timu ya kuziba, alipwe, asiwe ndugu wa mtendaji.

Mjusi wa Mawe

Ongeza: waombe wasogeze kigingi. Kwenye ramani shoti moja, yaani sehemu moja ya kulipulia, ikiruka au ikihamishwa pembeni picha haiharibiki, tunafanya kila siku. Wakikwambia haiwezekani wanakudanganya.

Mtoto wa Kariakoo

Mjusi leo umeamua kuuza kambi 😂

Mpwa wa Nachingwea

Mrejesho wakuu, samahani nilipotea mtandao huku shida. Mkutano ulikuwa mgumu, mzee mmoja alisema vijana wa simu mnataka kufukuza gesi. Lakini kigingi cha shule wamekisogeza, nilipima kwa kamba ya manila, hatua zangu zaidi ya mia mbili. Maji yalichukuliwa chupa mbili, karatasi bado haijaja. Orodha wamesema ni siri ya kampuni. Wamechimba, wamelipua wiki iliyopita, wameshahama. Jana nilienda kwenye mashimo ya shambani kwa mjomba, nikachomeka fito, kwenye shimo moja imeingia yote, mita mbili na kitu, sijagota.

Kokoto Mbichi

Acha kuchomeka fito! Kwanza hujui kama hilo lililipuka. Angalia kama kuna waya wa rangi umechomoza, kama upo ondoka hapo, weka miiba wasifike watoto, piga simu polisi na kwa mtendaji. Kama waya hamna na mjomba ana uhakika alisikia, chukua ndoo ya lita 20 mwagia taratibu. Kizibo kipo, maji yanasimama unayaona. Angalia saa.

Mpwa wa Nachingwea

Waya hamna, mjomba anasema lililipuka yeye akiwa amekaa palepale chini ya mkorosho. Nimemwaga ndoo ya kwanza, hata sijamaliza kuinamisha imeshapotea. Mjomba kaenda kuchota ya pili.